Filimbi ya Ziwa Mwang'holo

Jumapili, 3 Julai 1994, Bariadi

Joakim amekuja studio leo baada ya misa, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Ndivyo alivyo siku hizi. Mwaka jana alikuwa anaazima baiskeli yangu kwenda Ngulyati. Mwaka huu serikali imeruhusu watu binafsi kununua pamba, naye amekuwa wakala wa kampuni moja ya Mwanza, ana lori na ana kitambi. Anasema Jumapili hanunui pamba, na lori kulala bure ni dhambi. Atalifungia mabenchi, abebe watu kwenda kutembea Ziwa Mwang'holo, na anataka mimi niwe mpiga picha wao.

"Watu wameshika hela ya pamba, mayu Lukresia," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Sasa wanataka kuonekana."

Mwang'holo liko juu ya mlima, ndani ya hifadhi. Mimi nimezaliwa chini ya mlima huo, kijiji cha Mwashuma. Tulipokuwa wadogo tulipanda na ng'ombe kuwanywesha huko kila kiangazi, kabla mpaka haujasogezwa. Leo kuna geti na tiketi, Wazungu wanashuka kwenye magari wamevaa kofia, na watu wetu nao wameingiwa na tamaa. Harusi isiyo na picha ya Mwang'holo mwaka huu inaonekana ya kimaskini.

Nimekubali. Marehemu mume wangu aliniachia kamera, hakuniachia shamba.

10 Julai

Safari ya kwanza. Lori lilijaa mpaka watu wakakalia magurudumu ya akiba. Vumbi limeniingia mpaka kwenye meno.

Lakini ziwa, jamani. Nilikuwa nimelisahau. Unapanda mlima wa mawe matupu, unadhani hakuna kitu, halafu ukifika juu unalikuta limelala chini yako, la bluu, limezungukwa na kuta za mawe pande zote. Heroe, wale ndege wa pinki wenye miguu mirefu, wamejaa ukingoni. Ukizungumza upande huu, sauti inakwenda kugonga upande wa pili na kurudi. Kila mtu akataka kupigwa picha kabla ya mwenzake. Bwana mmoja alishika redio begani. Mwingine aliazima miwani, akavaa koti la shemeji yake, akaniambia nihakikishe saa inaonekana. Nikamwambia saa yenyewe imesimama. Akasema kwenye picha saa zote zimesimama. Nimecheka mpaka nikaharibu picha moja.

Askari wa hifadhi pale juu anaitwa Marcelo. Msukuma mwenzetu, wa Maswa, mrefu, bunduki haimtoki begani. Tulikuta kijana mchungaji amekamatwa ukingoni. Marcelo alimchapa vibao mbele ya wageni kama mtu anayekung'uta godoro. Nilipoinua kamera akaniambia kwa upole kabisa, "Mayu, hiyo usiipige." Upole wake ndio ulionitisha.

11 Julai

Vumbi. Wateja watano, wote picha za kitambulisho.

17 Julai

Ziwani tena, safari mbili kwa siku. Joakim anahimiza watu kama anayesukuma mbuzi. Padri ameanza kuuliza mbona hanioni misani.

24 Julai

Sikwenda ziwani. Nilikwenda Mwashuma kumwona mama. Mama yangu, Nyanjige wa watu, amezeeka, lakini jicho bado kali. Alinipa michembe ya viazi vitamu na karanga, tukakaa.

Lambo la kijiji limekauka. Nimesimama katikati yake na viatu vyangu vya mjini, matope yamepasuka kama kisigino. Mdogo wangu Mayige anapeleka ng'ombe mbali sana kutafuta maji, na wanarudi wamekonda tena. Mama akanishika mkono. "Anapanda mlimani kwa kificho," akasema. "Wale watamuua. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye msomi. Mtoe huko mlimani kabla ya mvua, mwanangu." Nimemwahidi mama kwamba nitamtoa.

Mayige alirudi jioni. Alinisalimia mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, na jua limeshazama, basi unajua mtu amekasirika. Nikamwambia apeleke nusu ya kundi mnadani, atanunua wengine mvua ikija.

"Uza kamera yako wewe," akanijibu. "Utanunua nyingine mvua ikija."

"Kamera hainywi maji."

"Ndiyo maana hujui kiu."

Kichwa ngumu huyu mtu tangu tumboni. Mama alikuwa akisema alizaliwa ametanguliza miguu ili aondoke mwenyewe. Mkewe Kija alikuwa anatusikiliza akikoroga ugali.

2 Agosti

Kija amenifuata alfajiri na mtoto mgongoni. Tumepata gari la samaki mpaka njia panda, tukamalizia kwa miguu.

Mayige amelala kifudifudi. Mgongo wake sina hamu ya kuuandika, lakini nitauandika, maana kuna mtu siku moja atasema haikuwa hivyo. Wamemchapa kwa mkanda upande wa chuma. Nyama imefunguka, na nzi wanakaa, na yeye hataki mtu awafukuze. Ilikuwa usiku wa kuamkia jana. Alishusha ng'ombe ziwani, Marcelo na wenzake wakawa wanamsubiri kwenye mawe. Ng'ombe walikuwa wameshaingia majini mpaka tumboni, wanakunywa. Waliwapiga risasi humo humo majini. Anasema hawakukimbia, walikuwa na kiu mno, walikuwa wanainua kichwa, wanamwona mwenzao ameanguka, wanainama tena kunywa.

Hapo ndipo alipolia. Kwa mgongo wake hakulia.

Nimemsafisha kwa maji ya chumvi. Nilimwambia, "Sasa umeona. Usirudi." Akageuzia uso ukutani.

7 Agosti

Nimekwenda ziwani na lori. Ningefanya nini? Joakim ameshachukua nauli za watu na picha zimeshalipiwa.

Mizoga bado ilikuwa ukingoni, imevimba, na tumbusi wamesimama juu yake kama wenye nyumba. Harufu ilikuwa inakuja na kuondoka. Bibi harusi mmoja alifunika pua kwa shela.

"Geuza kamera upande wa pili," Joakim akaniambia. "Elekea kwenye heroe."

Niligeuza. Niliwapanga vizuri, kidevu juu, bega nyuma, mkono kiunoni. Nilipiga mkanda mzima. Marcelo alikuja kuniuliza kama naweza kumtengenezea picha ndogo ya binti yake, kutoka kwenye kubwa aliyokuja nayo, anaituma kwa mama wa mtoto Maswa. Alivua kofia wakati akiniomba. Nilikuwa nataka kumtemea mate, nikamwambia nitatengeneza.

9 Agosti

Mkanda umerudi kutoka Mwanza, maana za rangi mimi siwezi kuzisafisha hapa. Picha ni nzuri sana. Nimekasirika siku nzima.

14 Agosti

Mayige alikuja mjini leo, mgongo haujapona, amevaa shati la Kija kwa sababu ni laini. Nilidhani amekuja kupatana. Akasimama mbele ya ubao ninapobandika picha za wateja, akaangalia moja moja. Halafu akaweka kidole.

"Hii ni pembe ya jike langu jekundu."

Niliangalia. Nyuma ya bibi harusi, pembeni kabisa, kulikuwa na kitu cheusi kimechomoza majini. Mimi nilidhani ni gogo.

Akaanza kuchana. Hakufanya haraka, alichana moja moja akiiweka chini, picha za watu, kazi yangu. Nikamshika mkono, akanisukuma, nikaangukia meza na chupa za dawa za kusafishia picha zikavunjika. Nikachukua mguu wa kamera, ule wa chuma, nikampiga. Nilimpiga mgongoni. Nilijua mgongo ukoje na nilimpiga hapo hapo. Damu ilipita kwenye shati la mkewe, watu wakajaa mlangoni kutazama.

Alisimama pale akihema. "Wewe unawapanga watu wacheke juu ya mizoga yangu," akasema. "Sina dada."

Nikamwambia asinijie tena, akiuawa asiniletee habari. Hayo maneno yametoka kwenye mdomo huu.

Jioni nimefagia vioo. 

21 Agosti

Nilikuwa Ngulyati kupiga picha za harusi. Kabla wali haujapakuliwa ikalia filimbi ya mwano.

Kwa asiyejua: huku kwetu mwizi akiingia kijijini, au mtu akivamiwa, aliye karibu anapuliza filimbi mfululizo. Anayesikia anaacha alichoshika, anachukua upinde au rungu, anakimbilia ilikotokea, na yeye anapuliza yake ili wa mbele wasikie. Haulizi, haulizani na mtu, hata kama ulikuwa unanyonyesha unampa mwenzio mtoto. Usipokwenda, sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, watakutoza dume la ng'ombe na kukutenga. Ukitengwa hupewi moto, huuziwi chumvi, na ukifiwa unazika peke yako. Na anayepuliza mwano bila sababu adhabu yake ni ya mwizi mwenyewe.

Wanaume wote wa harusi waliondoka, pamoja na bwana harusi. Vijiji vilijibizana mpaka upande wa Mwashuma. Walimpata mwizi wa ng'ombe kwenye korongo. Nilifika wakati bado ana sauti. Walimpiga kwa zamu, kwa utaratibu, katibu wao mzee Shigela akisimamia. Mayige alikuwa wa mbele, upinde mkononi na mgongo ule ule. Yeye ndiye aliyempiga rungu la goti. Nililisikia goti. Alinyanyua macho akaniona, akanipita kama kisiki.

Yule mtu alikufa kabla ya jioni. Bwana harusi alirudi na damu kwenye soksi nyeupe, tukapiga picha zilizobaki. Leo nimemwogopa ndugu yangu.

28 Agosti

Joakim ameajiri msaidizi wa safari, Novatus, kijana wa Bukoba aliyekuwa akifundisha michezo shule ya msingi mpaka mshahara ukamshinda. Mcheshi, anaheshimu watu, anabeba begi langu bila kuombwa. Shingoni amening'iniza filimbi ya chuma ya michezo.

"Hiyo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kuwaita wageni walipande lori, mama. Mzee Joakim amesema wanachelewa, anakosa safari ya pili."

Nilimwambia aiweke mfukoni sasa hivi. Nikamweleza mwano ni nini. Macho yakamtoka, akaitia mfukoni. Kisha nikamfuata Joakim, maana Novatus ni mgeni lakini Joakim amezaliwa hapa, baba yake alikuwa na upinde ukutani.

"Unajua filimbi inaita nini huku," nikamwambia.

Akacheka. "Huku ni hifadhini, Lukresia. Sungusungu hawana tiketi."

4 Septemba

Filimbi imelia leo mara moja, kwa amri ya Joakim. Upepo ulikuwa unavuma kwenda porini, nadhani ndiyo maana hakuna aliyesikia. Marcelo alikuja mbio kama aliyeng'atwa na nyuki. "Hicho kitu kisilie hapa," akamwambia Novatus, na nikaona anaogopa, yeye mwenye bunduki. Joakim akamvuta pembeni, wakarudi wanacheka. Marcelo alicheka kwa mdomo tu.

Sikio la kufa halisikii dawa.

11 Septemba

Joto. Nimempa Marcelo picha ya binti yake. Alishukuru sana. Ndugu yangu anasemekana bado anapanda mlimani, mchana sasa, upande wa nyuma wa mawe, wakati askari wote wako kwa wageni. Nimemtumia Kija ujumbe amzuie. Kija ameniletea jibu: "Hasikii. Lakini kila Jumapili anauliza kama lori la Joakim limepita na kama wewe umo."

Nimejibu nini? Sikujibu kitu. Bado nilikuwa na hasira ya picha zangu.

18 Septemba

Niandike. Nisipoandika leo sitaandika tena.

Tulifika mchana. Watu wengi kuliko siku zote, kwaya nzima na sare zao. Upepo ulikuwa umegeuka, nilihisi shingoni, sasa unatoka porini kwenda vijijini. Nilihisi na nikaendelea kubadilisha mkanda. Kwaya waliimba, ziwa likawaitikia, wakafurahi wakaimba tena.

Saa ya kuondoka Novatus akaniomba nimpige picha ya kumtumia mchumba wake Bukoba. Akasimama juu ya jiwe, ziwa nyuma yake na mteremko wa mawe upande wa pili. Nikawa namsogeza kulia. Joakim akapiga kelele kutoka kwenye lori, "Novatus, ita watu, jua linakwenda!" Kijana akanitazama mimi. Joakim akapiga kelele tena, akamtukana mama yake. Novatus akatoa filimbi mfukoni, akaiweka mdomoni, na kwa kuwa kamera ilikuwa imemwelekea akatanua kifua, akapuliza kama mwalimu. Ndefu, halafu tena ndefu. Nami nikabonyeza. Kidole kimezoea, mtu akijitengeneza kinabonyeza chenyewe.

Mawe yalirudisha ile sauti, ikawa kama filimbi kumi. Kwaya wakacheka. Kicheko kikaisha, filimbi ikawa bado inalia. Ilikuwa mbali, chini, upande wa Mwashuma. Ikajibiwa na nyingine kushoto. Kisha nyingine. Wale wa kwaya wa mjini wakasema mwangwi wa huku unachelewa. Nikamtazama Marcelo. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Zuia," akaniambia. "Mayu, waambie wasije." Niwaambie kwa mdomo gani, na mimi niko juu ya mlima?

Mayige ndiye aliyetokea kwanza, kwa sababu alikuwa tayari huko huko juu na ng'ombe wake. Alikuja akishuka mawe upande wa pili, akazunguka ziwa, miguu mitupu, upinde mkononi, mshale mmoja kwenye meno. Sijawahi kumwona mtu akikimbia hivyo na mgongo ulioumia. Macho yake hayakuwa kwa Marcelo. Yalikuwa kwangu. Nyuma yake, kwenye ukingo wa mlima, vichwa vya watu waliokuwa karibu na mlima vikaanza kuchomoza, mmoja mmoja, kisha wengi.

Marcelo alipiga kelele, "Simama!" kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma. Akainua bunduki. Anajua mwano. Anajua watu wa mwano wakifika wanamtafuta mwenye hatia, na wenzake wakiwa getini, pale palikuwa na mtu mmoja tu waliyekuwa na kisa naye. Nilisema, "Ni ndugu yangu, usipige." Nilisema kwa sauti. Nadhani nilisema kwa sauti.

Alipiga. Mayige alikaa chini kama mtu aliyechoka. Ziwa likarudisha ule mlio mara nyingi, heroe wote wakaruka, anga ikawa ya pinki.

Baada ya hapo sijui mpangilio. Watu wa kwaya walikanyagana wakipanda lori, mama mmoja alivunjika mkono, Joakim akawasha gari na kuondoka na mlango wa nyuma umefunguka, watu wakidondoka. Mishale ilikuja juu, inakuja polepole mpaka unaiona, halafu ghafla iko hapo. Marcelo alipiga tena, na mzee mmoja wa Mwashuma akaanguka kwenye mawe, na mwingine. Kisha mshale ukamwingia Marcelo shingoni chini ya sikio. Alijaribu kuuchomoa kwa mikono miwili. Walimfikia akiwa amepiga magoti. Rungu, mapanga, mawe ya ziwani, waliyafanya yote, nami nilikuwa nimekaa nimempakata ndugu yangu hatua chache kutoka hapo, damu ya huyu na ya yule inateremka njia moja kwenda majini.

Mayige alikuwa hai bado. Alinishika kola. Alikuwa anageuza macho huku na huku, anawatafuta.

"Wako wapi?" akasema. "Wako wapi waliokuvamia?"

Nikamwambia wamekimbia. Nikamwambia umewafukuza wote.

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

19 Septemba

Polisi wamejaa Mwashuma. Wanaume wamelala porini. Mama hali na hanitazami.

22 Septemba

Tumezika watatu, Mayige na wale wawili walioanguka kwenye mawe. Marcelo amechukuliwa na gari la hifadhi kwenda kwao Maswa. Nasikia mfukoni walimkuta na ile picha ya binti yake, bado hajaituma. Nataka kumchukia yule mtu na kazi haiendi vizuri. Nikifikia mahali pa kumchukia namwona anavua kofia.

Kija amenisimulia wakati tunaosha vyombo vya msiba. Siku hiyo Mayige alipanda na ng'ombe mapema kuliko kawaida. Alimwambia, "Lori limepita, dada yumo. Leo nitakaa upande wa juu, wale watu wa Joakim siwaamini." Alikuwa anafanya hivyo kila Jumapili tangu tulipopigana. Nilidhani anafuata maji tu.

Niliacha sufuria nikaenda nyuma ya zizi, nikajipiga ngumi kifuani mpaka Kija akanikamata.

23 Septemba

Novatus alirukia lori siku ile, na amejificha chumba changu cha giza tangu Jumapili. Anakunywa maji tu. Amesikia sungusungu wanamtafuta aliyepuliza. Leo aliniambia, "Mama, nitoe niende kwao, nimeua watu." Nikamwambia nyamaza. Nilisimama na kisu cha kukatia karatasi mkononi, sikumbuki nilikichukua lini. Yeye alikiona. Hakurudi nyuma. Nikakiweka mezani nikamletea uji.

25 Septemba

Mkutano wa sungusungu, chini kwenye lambo lililokauka, maana ndipo polisi hawapiti. Walikaa kwa duara, pinde magotini. Joakim alikuja mwenyewe na mchele wa rambirambi, amevaa koti jeusi, akakaa na wazee. Hakuna aliyemsikia akiamuru filimbi ipulizwe ila sisi tuliokuwa juu, na kwaya ni watu wa mjini, hawatafika pale.

Mzee Shigela alisimama. "Mwano ulipigwa na hapakuwa na mwizi. Watu watatu wameitikia na wamekufa. Nani alipuliza?"

Joakim akajibu kabla ya mtu yeyote. "Yule kijana wa Bukoba. Mgeni. Nitawasaidia kumtafuta."

Watu wakaguna kukubali. Mgeni ni rahisi. Nikaona tayari wameshamuua kichwani. Nikasimama. Mwanamke hasimami pale, lakini nilikuwa mwenye maiti.

"Mdomo ulikuwa wa yule kijana," nikasema. "Yeye hakujua, na nilipomwambia aliitia mfukoni. Pumzi ilikuwa ya Joakim. Yeye alijua. Nilimwonya kwa mdomo wangu, akacheka, akasema ninyi hamna tiketi."

Joakim alisema mimi ni mjane mwenye uchungu. Alisema mwakani atanunua pamba ya Mwashuma kwanza. Shigela akamuuliza swali moja tu, "Wewe ni Msukuma au si Msukuma?" Joakim akaanza kutaja bei atakayolipa.

Walimfunga kwenye mti wa mgunga. Desturi inampa mwenye maiti fimbo ya kwanza. Shigela alinipa, na watu wote walinitazama, na mama yangu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilimpiga usoni. Sitasema uongo humu ndani: nilisikia raha. Nikampiga tena, jicho likapasuka, raha ikaisha pale pale, nikabaki na fimbo tu. Nikaiweka chini. Wengine hawakuiweka mpaka jua lilipozama. Lori lake wamelichoma moto njia panda.

26 Septemba

Nimempandisha Novatus basi la alfajiri la Mwanza, amevaa khanga yangu kichwani na koti la marehemu mume wangu. Filimbi aliiacha kwenye beseni la kuoshea picha. Nimeiponda kwa jiwe mpaka ikawa bati.

17 Oktoba

Joakim, waliyemwacha mtini wakidhani amekufa, amerudi kutoka hospitali. Jicho moja halipo. Ameweka mizani yake sokoni, na watu wamepanga foleni na magunia, wengine wa Mwashuma, wengine walioshika fimbo siku ile. Chama cha ushirika hakina fedha taslimu, yeye anazo. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nilipita mbele yake. Alinisalimia kwa heshima.

30 Oktoba

Mawingu, hayakunyesha. Geti la ziwa limefunguliwa tena. Watu wameshaanza kuniuliza kama nitakwenda.

6 Novemba

Mvua imenyesha usiku kucha. Lambo la Mwashuma limeanza kujaa.

Kija alikuja na mtoto, wameloa chapachapa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua khanga akaikamua mlangoni. Alikuwa na haya kuniomba. Anataka picha ya Mayige, mtoto akikua amwone baba yake.

Nikafungua makabati. Miaka yote hii nimepiga watu wa Bariadi nzima, wafu na wazima, wenye saa zilizosimama na makoti ya kuazima, na ndugu yangu sina hata moja. Hakuwahi kuomba nami sikuwahi kumwambia kaa hapo. Nilikuwa karibu kumwambia Kija hivyo, nikakumbuka ule mkanda wa mwisho. Ulirudi kutoka Mwanza mwezi uliopita, sikuufungua.

Nimeufungua mbele yake. Novatus yupo juu ya jiwe, kifua mbele, filimbi mdomoni, mashavu yamejaa. Ziwa nyuma yake, tulivu. Na juu ya bega lake, kwenye mteremko wa mawe upande wa pili, kuna ng'ombe wadogo kama punje za mtama, na kando yao mtu mmoja ameshageuka, mguu mmoja uko hewani.

Kija alisogeza picha dirishani kwenye mwanga. Alimtambua mara moja.

"Mbona anakimbia?" akaniuliza. "Anakimbilia wapi?"

"Anakuja kwangu," nikamwambia.